Uzi: Kusoma datashiti ya chipu ya kumbukumbu kabla ya kuandika draiva yake

#1 FundiRejista (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa draiva (programu za kuendesha kifaa) za chipu za flashi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) zilizoandikwa na vijana wenye uwezo mzuri, nami naombwa niseme kwa nini zinafanya kazi mezani lakini zinagoma zikifika kwa mteja. Mara nyingi msimbo wenyewe hauna dosari kubwa. Dosari iko katika namna mwandishi alivyoisoma datashiti, yaani waraka wa mtengenezaji unaoieleza chipu: aliipekua akitafuta amri, akazipata, akaifunga. Ningependa tuujadili usomaji huo kwa kutumia chipu ambayo wengi wetu tunayo kwenye droo, nayo ni W25Q128JV ya Winbond, flashi ya aina ya NOR inayozungumza kwa SPI (njia ya waya chache ya kuunganisha chipu).

Tuanze na maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu, kwa sababu hayo nayo ni sehemu ya datashiti. Tuseme umeshika W25Q128JVSIQ. Tarakimu 128 ni megabiti, si megabaiti. Ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 16, yaani baiti 16,777,216. Herufi J ni kizazi cha chipu. Herufi V inakuambia kuwa chipu inataka volti 2.7 hadi 3.6, wakati ndugu yake mwenye W mahali hapohapo anaishi kwa volti 1.7 hadi 1.95, na ukimpa 3.3 usitarajie akusamehe. S ni umbo la ganda lenye miguu 8, na I ni daraja la joto, kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 za Selsiasi.

Herufi ya mwisho ndiyo ambayo watu huipuuza, ilhali ndiyo inayomhusu zaidi mwandishi wa draiva. Q maana yake ni kwamba biti ya QE, ile inayoruhusu njia nne za data, imefungwa kwenye 1 tangu kiwandani. M maana yake ni kwamba biti hiyo inatoka kiwandani ikiwa 0 nawe unatakiwa kuiwasha mwenyewe. Tofauti haikomei hapo, kwani ukituma amri 0x9F (0x huashiria namba ya msingi wa 16) ya kuuliza utambulisho, yenye Q hujibu EF 40 18 na yenye M hujibu EF 70 18. Draiva ambayo jedwali lake linaijua 40 18 peke yake itaikataa chipu ya pili, ingawa ukubwa, kurasa na sekta zake ni zilezile. Aliyeagiza vifaa atasema ameleta "W25Q128JV ileile", na kwa upande wake atakuwa amesema kweli.

Baada ya jina, mimi husoma namna chipu inavyoandika, kabla hata ya kugusa jedwali la amri. Flashi ya NOR ikifutwa, kila baiti inakuwa 0xFF. Kuandika ni kushusha biti kutoka 1 kwenda 0, na hakuna uandishi unaoweza kuipandisha biti tena bila kufuta. Kwa hiyo ukiandika 0x3C mahali palipokuwa na 0x5A, hutapata 0x3C wala 0x5A, utapata 0x18, kwa kuwa zimebaki biti zile tu zilizokuwa 1 katika baiti zote mbili. Kuandika hufanyika kwa ukurasa wa baiti 256, na kufuta hufanyika kwa sekta ya kilobaiti 4 au vitalu vya kilobaiti 32 na 64. Chipu hii ina kurasa 65,536 na sekta 4,096.

Sasa soma kwa makini aya inayoeleza amri 0x02, ile ya kuandika ukurasa. Kuna sentensi moja inayosema kwamba baiti zikivuka mwisho wa ukurasa, anwani hurudi mwanzo wa ukurasa huohuo. Ukianza kwenye anwani 0x0000F0 ukatuma baiti 32, baiti 16 za kwanza zitakaa 0xF0 hadi 0xFF kama ulivyotaka, lakini 16 zilizobaki hazitaenda 0x100. Zitarudi 0x00 na kuchanganyika na data iliyokuwapo pale kwa namna niliyoieleza juu. Chipu haitatoa kosa lolote. Utakachokiona ni data iliyoharibika mahali ambapo draiva yako haijawahi kugusa, nawe utaanza kuilaumu RAM.

Naomba kuwasilisha kwa kuanzia. Mwenye swali alete.

#2 Mwanagenzi_SPI

Heshima kwako mkuu, na asante kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na nina tatizo linalonisumbua wiki ya pili sasa. Nina chipu hiyohiyo yenye Q. Nikiwasha bodi, 0x9F inajibu EF 40 18 vizuri kabisa. Programu ikiendelea kwa muda kisha nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya mikrokontrola, jibu linakuwa FF FF FF. Nimeshusha kasi ya kloki hadi megahezi 1 bila mabadiliko. Nimejaribu pia kutuma 0x66 ikifuatiwa na 0x99, ambazo datashiti inasema ndizo amri za kuirudisha chipu katika hali ya mwanzo, na bado napata FF FF FF. Nikichomoa umeme na kuurudisha, inapona. Je, chipu imeungua?

#3 FundiRejista

Ndugu Mwanagenzi, chipu iliyoungua haiponi kwa kuchomolewa umeme, kwa hiyo tulia. Kumbuka kwamba kitufe ulichobonyeza kinaianzisha upya mikrokontrola peke yake. Flashi haijui kwamba kuna jambo limetokea, inabaki katika hali ileile uliyoiacha. Swali langu kwako ni hili: programu yako huituma flashi amri gani ya mwisho kabla hujabonyeza kitufe? Usinijibu kwa kumbukumbu. Weka lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi ishara za waya) kwenye pini nne, rekodi, kisha utuletee baiti ulizoziona.

Wakati tunamsubiri, niseme juu ya majedwali ya muda, kwa kuwa ndiko nilikoumia mwenyewe.

Datashiti huwa na safu tatu za namba: kima cha chini, thamani ya kawaida na kima cha juu. Kwa kufuta sekta moja ya chipu hii, thamani ya kawaida ni milisekunde 45 na kima cha juu ni milisekunde 400. Kwa kitalu cha kilobaiti 64 ni 150 na 2,000. Kwa chipu nzima ni sekunde 40 na sekunde 200. Thamani ya kawaida ni mazungumzo: mtengenezaji anakueleza alichokiona kwa wastani, chipu ikiwa mpya, joto likiwa la chumbani na volti ikiwa nzuri. Kima cha juu ndicho alichokiahidi, kwa joto lote na volti yote iliyoandikwa juu ya jedwali. Mwandishi wa draiva hana shughuli na safu ya kati, isipokuwa anapotaka kukadiria mwendo wa kifaa kwa ajili ya kumweleza mteja.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika draiva ya kifaa cha kurekodi kina cha maji kisimani. Mezani sekta ilikuwa ikifutika chini ya milisekunde 50, basi nikaweka ukomo wa kusubiri wa milisekunde 100 na kujiona nimeacha nafasi ya kutosha. Kifaa kilikuwa na sekta moja ya kichwa cha kumbukumbu, iliyofutwa na kuandikwa upya kila dakika 10. Hesabu ni rahisi, ingawa sikuifanya wakati ule: mara 144 kwa siku, mara 52,560 kwa mwaka. Baada ya mwaka na miezi kadhaa vifaa vilianza kupoteza rekodi kimoja baada ya kingine. Nilipokirudisha kimoja mezani na kukipima, sekta ya kichwa ilikuwa ikichukua zaidi ya milisekunde 130 kufutika, huku sekta za jirani ambazo hazijaguswa sana zikiwa bado chini ya 50. Seli za flashi huchoka kwa kufutwa, na zikichoka hufutika polepole. Chipu ilikuwa bado ndani ya ahadi yake ya milisekunde 400 na ya mizunguko 100,000. Aliyevunja mkataba ni mimi. Mbaya zaidi, draiva ilipokata tamaa kwa milisekunde 100, tabaka la juu lilituma amri ya kuandika wakati chipu ingali inafuta, na chipu yenye shughuli hupuuza amri ya kuandika bila kulalamika.

Marekebisho yalikuwa mawili. Ukomo wa kusubiri ukawa zaidi ya milisekunde 400, na kichwa kikaanza kuzunguka katika sekta 16 badala ya kukaa katika moja. Atakayesema kuwa kusubiri muda mrefu kunachelewesha kifaa, aelewe kwamba ukomo wa kusubiri si muda wa kusubiri. Unasoma rejista ya hali (baiti inayoeleza chipu inafanya nini) kwa 0x05, biti yake ya BUSY, yaani biti ya 0, ikishuka kuwa 0 unaondoka mara moja. Ukomo unafanya kazi siku ya msiba tu. Kerneli (kiini) ya Linux imeweka ukomo wa sekunde 40 kwa shughuli za kawaida za flashi hizi, na kwa kufuta chipu nzima inahesabu sekunde 40 kwa kila megabaiti 2, ambayo kwa chipu yetu ni sekunde 320. Ukiilinganisha na ahadi ya sekunde 200 utaona kwamba waandishi wake hawakuwa wakitazama safu ya kati.

#4 Kaskazi77

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini nadhani unawatisha vijana bila sababu. Siku hizi chipu hubeba jedwali la SFDP ndani yake, yaani maelezo ya chipu yanayosomwa na programu, lililowekewa kanuni na JEDEC, chombo cha viwango vya elektroniki, katika waraka wa JESD216. Unatuma 0x5A, unasoma ukubwa, amri za kufuta, mapigo matupu ya kloki (ya kusubiri kabla ya data) na kila kitu. Kerneli ina msimbo wote huo katika drivers/mtd/spi-nor. Kwa nini mtu asome makumi ya kurasa ilhali chipu yenyewe inaweza kujieleza?

#5 FundiRejista

Mkuu Kaskazi, hoja yako ni ya msingi na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Mtu anayefanya kazi juu ya Linux hana sababu ya kuandika upya kilichokwisha kuandikwa. Hata hivyo, SFDP nayo ni waraka wenye kanuni za kusomwa, na chipu inayojieleza inaweza kujieleza nusu.

Chukua ukubwa. Ukituma 0x5A, anwani ya baiti tatu na mapigo manane matupu, utapokea kwanza 53 46 44 50, ambazo ni herufi S, F, D na P. Ukifika kwenye neno la pili la jedwali la msingi, kwa chipu ya megabiti 128, waya utakupa FF FF FF 07. Kwanza, baiti ndogo ndiyo inayotangulia, tofauti kabisa na anwani uliyotuma sekunde ile ile, ambayo baiti yake kubwa ndiyo iliyotangulia. Kwa hiyo namba yenyewe ni 0x07FFFFFF. Pili, hiyo ni idadi ya biti, si baiti. Tatu, ni idadi hiyo ukitoa moja, kwa hiyo unaongeza 1 ndipo upate 134,217,728. Nne, biti ya juu kabisa ikiwa 1, maana ya namba inabadilika na kuwa kipeo cha 2. Mitego minne katika neno moja la baiti nne, na yote imeandikwa wazi kwa atakayesoma.

Halafu kuna biti ya QE. Kwa Winbond iko katika rejista ya hali ya pili, biti ya 1. Kwa Macronix na ISSI iko katika rejista ya kwanza, biti ya 6. Biti ya 6 ya rejista ya kwanza ya Winbond ni sehemu ya ulinzi wa maeneo ya kumbukumbu. Ukihamisha draiva ya Macronix kwenda Winbond bila kufikiri, unapodhani unawasha njia nne kumbe unapanga upya ulinzi wa chipu, na rejista hiyo haisahau umeme ukikatika. SFDP ina sehemu ya kueleza biti hiyo iliko, katika neno la 15, lakini matoleo ya mwanzo ya kanuni yalikuwa na maneno 9 tu, na chipu za enzi hizo zipo madukani hadi leo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ndani ya kerneli hiyohiyo uliyoitaja. Macronix walitoa MX25L25635E, kisha MX25L25635F, zote zikijibu C2 20 19 kwa 0x9F. Ya F inazifahamu amri zenye anwani ya baiti nne, ya E haizifahamu. Utambulisho ni mmoja, tabia ni mbili. Waandishi wa kerneli walilazimika kutafuta tofauti ndani ya SFDP, wakagundua kwamba F hutangaza usomaji unaotumia njia nne kwa amri, anwani na data, na E haitangazi. Basi kwa alama hiyo, isiyo na uhusiano wowote na anwani, ndipo wanapozitenganisha. Alama ya namna hiyo haipatikani ila kwa mtu aliyezifungua datashiti zote mbili akaziweka upande kwa upande.

#6 Kaskazi77

Hiyo ya Macronix sikuijua. Nakubali. Ila bado nasema anayeanza na mikrokontrola ndogo aanze na amri tano tu: 0x9F, 0x05, 0x06, 0x02 na 0x20 ya kufuta sekta, pamoja na 0x03 ya kusoma.

#7 FundiRejista

Umetaja tano ukahesabu sita, lakini ushauri ni mzuri. Niongeze tu mipaka yake. Amri 0x03 haina mapigo matupu, ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana ina ukomo wa megahezi 50 wakati amri nyingine za chipu hii zinafika megahezi 133. Mtu hupandisha kloki hadi 80 baada ya kusoma "133 MHz" ukurasa wa kwanza, anaendelea kutumia 0x03, na mara nyingi inafanya kazi mezani. Kwa megahezi 50 kwenye waya mmoja unapata megabaiti 6.25 kwa sekunde, yaani chipu nzima kwa chini ya sekunde 3. Kwa kazi nyingi tunazofanya hapa hiyo inatosha na kubaki. Hata hiyo 133 yenyewe ina sharti: volti isipungue 3.0. Ikiwa kati ya 2.7 na 3.0, ahadi ni megahezi 104. Kifaa chenye betri inayoshuka kitapita hapo kila siku jioni.

Kuhusu 0x06, ruhusa ya kuandika inatolewa kwa shughuli moja tu na hujifuta yenyewe shughuli ikimalizika, kwa hiyo itumwe kabla ya kila ukurasa na kabla ya kila ufutaji. Mimi husoma 0x05 baada yake na kuhakikisha biti ya WEL, inayoonyesha ruhusa hiyo, imekuwa 1. Gharama yake ni baiti mbili kwenye waya, na inakamata waya uliolegea kabla hujaharibu chochote.

#8 BodiNaWaya

Salaam wakuu. Naomba nichangie la kwangu, maana linafanana na la Mwanagenzi, japo chanzo ni kingine.

Tulikuwa na bodi ya Linux yenye flashi ya megabiti 256, yaani megabaiti 32. Ukiwasha umeme inaanza vizuri. Ukitoa amri ya kuanzisha upya, skrini inabaki tupu hadi uchomoe umeme. Tulibadilisha kipitisha umeme, tukabadilisha kristali, tukamlaumu aliyechora bodi. Mwishowe tulisoma sehemu ya anwani katika datashiti kwa utulivu. Anwani ya baiti tatu ina biti 24, nazo zinafika megabaiti 16 na kuishia hapo. Ili kufika nusu ya pili ya chipu, draiva yetu ilikuwa ikituma 0xB7 na kuiingiza chipu katika hali ya anwani za baiti nne. Prosesa ikianza upya, programu ndogo iliyochomwa ndani yake kiwandani inatuma 0x03 na anwani ya baiti tatu, kama ilivyozoea. Chipu inasubiri baiti ya nne. Ile ambayo prosesa inadhani ni baiti ya kwanza ya data, chipu inaihesabu kuwa ni sehemu ya anwani, na kuanzia hapo kila mmoja anazungumza lugha yake.

Kutuma 0xE9, ya kuitoa chipu katika hali hiyo, kabla ya kuanzisha upya kulisaidia pale tu ambapo mfumo ulizimwa kwa utaratibu. Kipima muda cha ulinzi kilipoikata prosesa ghafla, hakukuwa na wa kutuma 0xE9. Tulichofanya ni mambo mawili. Draiva ikahamia kwenye amri zilizoundwa kwa anwani za baiti nne, yaani 0x13 kusoma, 0x12 kuandika, 0x21 kufuta sekta na 0xDC kufuta kitalu, ambazo haziibadilishi hali ya chipu hata kidogo. Na katika toleo lililofuata la bodi, pini ya kuianzisha upya flashi iliunganishwa na ile ya prosesa. Katika maelezo ya bodi ya Linux kuna hata sifa inayoitwa broken-flash-reset, kwa ajili ya bodi zisizo na waya huo. Jina lenyewe linatosha kuonyesha kwamba hatukuwa wa kwanza kuumwa.

#9 MtaaWaPili

Wakuu, nyote mnazungumza kana kwamba chipu ni halali. Mimi nanunua kwa fundi wa mtaani, nyingine zimetolewa kwenye bodi kuukuu, nyingine zimesuguliwa mgongo na kuchapwa jina jipya. Datashiti itanisaidia nini ikiwa chipu si ile iliyoandikwa?

#10 FundiRejista

Datashiti inakusaidia zaidi hapo, kwa kuwa ni orodha ya mambo ya kuikagulia. Anza na utambulisho: EF ni Winbond, C2 ni Macronix, C8 ni GigaDevice. Mgongoni ikisema Winbond na waya ukasema C8, unajua ulipo. Kisha linganisha ukubwa unaotajwa na SFDP na ule wa baiti ya tatu ya utambulisho.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha anwani. Futa sekta iliyo kwenye 0x000000 na uandike alama, kisha futa sekta iliyo kwenye 0x800000 na uandike alama nyingine tofauti, halafu urudi kusoma ya kwanza. Chipu ya megabaiti 8 iliyovalishwa jina la megabaiti 16 huipuuza biti ya juu ya anwani, kwa hiyo sekta zote mbili ni sekta moja, na alama yako ya kwanza utaikuta imefutwa na kuandikwa ya pili. Rudia kwenye 0x400000 kwa walaghai wenye tamaa zaidi. Umri wa chipu iliyotolewa kwenye bodi kuukuu huwezi kuujua kwa hakika, lakini pima muda wa kufuta sekta kadhaa. Zile zinazochukua mara tatu ya wenzake zimeshafanya kazi ya mtu mwingine.

#11 Mwanagenzi_SPI

Heshima kwenu wakuu. Nimerekodi kama ulivyoniagiza. Baiti za mwisho kabla ya kubonyeza kitufe ni 06, kisha 02 na anwani na data, kisha 05 ikirudiwa hadi jibu likawa 00, halafu kuna B9 peke yake. Sikuiandika mimi hiyo B9. Nimeitafuta, ipo ndani ya maktaba niliyoichukua mtandaoni, katika kipande cha msimbo kinachotekelezwa wakati mikrokontrola inapoenda kulala ili betri isiishe.

#12 FundiRejista

Umeshapata. Sasa fungua aya inayoeleza 0xB9 na uisome hadi mwisho, kisha utueleze kwa nini 0x66 na 0x99 hazikukusaidia.

#13 Mwanagenzi_SPI

Nimeisoma, mkuu. Inasema chipu ikiwa katika hali hiyo ya kulala inaitambua amri ya kuiamsha, 0xAB, na nyingine zote inazipuuza, hata ya kusoma rejista ya hali. Kwa hiyo 0x9F ilipuuzwa, na 0x66 na 0x99 nazo zilipuuzwa. FF FF FF niliyokuwa nikiisoma si jibu la chipu, ni pini iliyovutwa juu tu na hakuna anayezungumza.

Nimeweka 0xAB kama amri ya kwanza kabisa ya draiva, kisha mikrosekunde 3 za kusubiri kama jedwali linavyotaka katika safu ya kima cha juu, kisha 0x66, 0x99 na mikrosekunde 30. Nimebonyeza kitufe mara 50. Zote EF 40 18.

#14 BodiNaWaya

Kazi nzuri, ndugu. Bado moja: ukianza upya wakati chipu ingali inafuta, 0x66 na 0x99 zitaikatiza katikati na sekta ile inaweza kubaki na data mbovu. Datashiti yenyewe inashauri uikague biti ya BUSY kwanza. Kwa hiyo baada ya 0xAB soma 0x05, na ikiwa ina shughuli isubiri imalize ndipo uirudishe mwanzo.

#15 Mwanagenzi_SPI

Nimeiongeza, na ukomo wa kusubiri nimeuchukua kwenye safu ya kulia.